Mdomo sungura na protini zinazokata na kuunga ujumbe wa jeni: maswali na majibu

Kila seli ya mtoto ina jeni zilezile. Inakuwaje nyingine ziwe ngozi na nyingine mfupa?

Nusu ya jibu inafahamika kwa wengi: kila aina ya seli huwasha baadhi ya jeni na kuziacha nyingine zimezimwa. Nusu ya pili, ambayo husemwa kwa nadra, inahusu yanayotokea baada ya jeni kuwashwa. Seli hunakili maelezo ya jeni katika uzi wa RNA, lakini uzi huo hautumiki kama ulivyotoka. Hukatwa, baadhi ya vipande vyake hutupwa na vinavyobaki huungwa pamoja. Kisha hupelekwa sehemu maalumu ya seli, huwekwa akiba au huharibiwa, na ukisalimika ndipo unaposomwa ili protini itengenezwe. Katika kila hatua kuna protini nyingine zinazoushika uzi huo na kuamua hatima yake. Binadamu ana takriban jeni 20,000 zinazobeba maelezo ya protini, na zaidi ya 1,500 kati yake ni za protini zinazoshika RNA.

Kazi hiyo huanza lini?

Huanza kabla hata mimba haijatungwa. Yai la mama hukomaa likiwa na akiba kubwa ya RNA, na kiinitete cha binadamu hakiwashi jeni zake chenyewe kwa kiwango kikubwa mpaka kifikie seli 4 hadi 8, yaani yapata siku ya tatu. Mpaka hapo kinaendeshwa na akiba ya mama, na protini zinazoshika RNA ndizo zinazoamua ujumbe upi usomwe sasa na upi usubiri.

Jambo hili lilieleweka kwanza kwa nzi wa matunda. Katika yai lake, RNA ya jeni iitwayo bicoid hukaa upande utakaokuwa kichwa, na ile ya nanos hukaa upande wa nyuma. Protini ya Nanos, ikishirikiana na nyingine iitwayo Pumilio, huuzuia ujumbe wa jeni ya hunchback usisomwe huko nyuma; zuio hilo lisipokuwepo, nzi hukosa tumbo. Christiane Nüsslein-Volhard, Eric Wieschaus na Edward Lewis walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1995 kwa kuzigundua jeni zinazoongoza hatua hizo za mwanzo. Yai la binadamu halijapangwa kwa namna hiyo, ingawa protini za jamii ya Pumilio sisi pia tunazo.

Je, kuna mfano unaohusu tishu zetu wenyewe?

Upo, na unastahili kuelezwa kwa kirefu. Viungo vingi vya kiinitete hujengwa kwa mazungumzo ya tabaka mbili za seli: tabaka la juu, ambalo seli zake zimeshikana bega kwa bega kama ngozi inavyofunika, na seli za ndani zilizoachana kidogo, ambazo hutoa mifupa, gegedu na nyama. Tabaka hizo hutumiana kemikali za kuhimiza ukuaji, na kila moja huzinasa kwa vipokezi vilivyo kwenye uso wa seli zake. Kimojawapo huitwa FGFR2.

Jeni ya FGFR2 ina vipande viwili vinavyofuatana, b na c, ambavyo kwa kawaida haviingii pamoja katika uzi mmoja. Seli za tabaka la juu hubakiza b na kutupa c. Seli za ndani hufanya kinyume. Tofauti ni ya kipande kimoja tu, lakini ndiyo inayoamua kipokezi kitasikia kemikali ipi. Chenye b husikia FGF10, ambayo hutolewa na seli za ndani. Kwa njia hiyo seli za ndani huzungumza na jirani zao bila kujisikia zenyewe. Panya walioondolewa aina ya b pekee huzaliwa bila mapafu na bila miguu, na hufa mara tu wanapozaliwa.

Anayechagua b ni nani? Mwaka 2009 watafiti wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania, Marekani, walieleza protini mbili, ESRP1 na ESRP2, zinazopatikana katika seli za tabaka la juu. Hizi hushika RNA mahali penye wingi wa G na U, ambazo ni baadhi ya herufi za kikemia zinazounda uzi huo, na mahali zinaposhika pana maana: zikikaa kabla ya kipande, mara nyingi kipande hicho hutupwa, zikikaa baada yake, hubakizwa. Katika RNA ya FGFR2 hukaa katikati ya b na c, kwa hiyo b hubaki na c huondolewa. Mpango huu, kwa maoni yangu, ni miongoni mwa mambo ya kupendeza kabisa katika elimu ya viumbe.

Hayo yanahusiana vipi na mdomo sungura, yaani mdomo wa juu uliopasuka tangu kuzaliwa?

Uso wa mtoto hutokana na vivimbe kadhaa vinavyokua na kukutana. Mdomo wa juu huungana kati ya wiki ya 4 na ya 7 ya ujauzito, na kaakaa kati ya wiki ya 6 na ya 9. Ili vivimbe vikutane, seli za ndani lazima ziongezeke vya kutosha, na agizo la kuongezeka hutoka kwenye tabaka la juu. Panya wasio na ESRP1 huzaliwa na mdomo uliopasuka pande zote mbili pamoja na kaakaa lililo wazi: tabaka lao la juu hutumia ujumbe uliokatwa kama wa seli za ndani, maagizo hupungua, na vivimbe haviungani.

Hata hivyo, isidhaniwe kwamba kila mtoto mwenye mdomo sungura ana hitilafu ya ESRP1. Kwa binadamu, hitilafu za jeni hiyo zimeonekana kwa watu wenye upungufu wa kusikia tangu utotoni, kwa sababu sikio la ndani nalo hujengwa kwa mazungumzo yaleyale. Midomo sungura mingi hutokana na mchanganyiko wa jeni nyingi na mazingira.

Mama alikosea wapi?

Kwa kawaida, hakukosea popote. Wiki hizo hupita wakati wanawake wengi hawajatambua hata kama ni wajawazito, na maneno ya laana, kijicho au adhabu ya kumcheka mlemavu hayana msingi wowote.

Yapo mambo yanayoongeza uwezekano: kuvuta sigara, kisukari kilichokuwepo kabla ya mimba, na baadhi ya dawa za kifafa kama topiramate na valproate. Mwenye kifafa asiache dawa kwa uamuzi wake, kwani degedege wakati wa ujauzito ni hatari. Amwone daktari kabla ya kubeba mimba ili dawa ipangwe upya. Mikrogramu 400 za foliki asidi kila siku, kuanzia kabla ya mimba, hupunguza kasoro za uti wa mgongo na ubongo. Kwa mdomo sungura ushahidi wake si imara kiasi hicho. Hakuna kidonge wala chakula kinachorekebisha namna RNA inavyokatwa katika kiinitete.

Mtoto akishazaliwa?

Anatibika. Mdomo hushonwa ndani ya mwaka wa kwanza, mara nyingi kuanzia miezi mitatu akiwa na uzito na damu ya kutosha, na kaakaa kabla ya miezi 18 ili asianze kuzungumza likiwa wazi. Kabla ya hapo tatizo kubwa ni kunyonya, kwa kuwa maziwa hutokea puani na mtoto hushindwa kuvuta. Apakatwe akiwa wima, na mama aonyeshwe na mhudumu jinsi ya kukamua maziwa na kumlisha kidogo kidogo. Masikio nayo yachunguzwe mara kwa mara, kwani watoto wenye kaakaa wazi hupata uambukizo wa sikio la kati kwa urahisi.

Je, atakayefuata naye atazaliwa hivyo?

Wazazi wasio na mdomo sungura, waliopata mtoto mmoja mwenye hali hiyo bila kasoro nyingine, wana uwezekano wa takriban asilimia 2 hadi 5 kwa kila mimba inayofuata. Hesabu hubadilika iwapo hali hiyo ni sehemu ya ugonjwa wa kurithi. Mfano ni ugonjwa wa Van der Woude, unaotokana na jeni ya IRF6, ambao mzazi humrithisha mtoto kwa uwezekano wa asilimia 50. Alama yake ni vishimo viwili vidogo kwenye mdomo wa chini, na mzazi anaweza kuwa navyo bila kupasuka mdomo wa juu; ndiyo maana daktari mwangalifu, akishamaliza kumpima mtoto, huwaomba baba na mama nao waonyeshe midomo yao.