Wakili akichezea ushahidi, mteja naye hayuko salama

Malalamiko dhidi ya mawakili yameongezeka sana, na mengi yanaanza na "wakili wangu kaharibu ushahidi". Ukisoma ndani unakuta wakili hakumwita shahidi fulani, au hakimu kakataa kielelezo (hati au kitu kilicholetwa kama ushahidi). Jamani, huko si kuchezea ushahidi, huo ni uamuzi wa kuendesha kesi hata kama mmeshindwa. Kuchezea ni kughushi hati, kurudisha tarehe nyuma kwenye mkataba, kufuta meseji, kuficha kitu mahakama isikione, au kumlisha shahidi maneno ya uongo.

Kuna kesi ya Virginia, Marekani. Mwanaume alifiwa na mkewe ajalini akadai fidia, wakili wake akaona picha za Facebook zitawaharibia, akaagiza kupitia msaidizi wa ofisini kwamba mteja asafishe ukurasa, picha 16 zikafutwa. Ikajulikana. Wakili akaamriwa kulipa dola 542,000 na mteja, aliyefuata tu ushauri, dola 180,000, halafu mwaka 2013 wakili akafungiwa leseni miaka 5. Kwa hiyo ile hoja ya "mimi niliambiwa na wakili" isikupe usingizi.

Waendesha mashtaka nao wanaweza kuadhibiwa. Kule Texas, Michael Morton alikaa jela karibu miaka 25 kwa mauaji ya mkewe ambayo hakuyafanya, na mwendesha mashtaka wake, Ken Anderson, ambaye baadaye alikuwa jaji, alibanwa kwa kuficha ushahidi uliomsaidia mshtakiwa. Mwaka 2013 alihukumiwa siku 10 jela na kuachia leseni. Siku 10 kwa miaka 25, sibishani na wanaosema ni kidogo.

Sasa utaratibu, na hapa ndipo watu wanapochanganya mafaili. Jaji anayesikiliza kesi anaweza kukitupa kielelezo, kuchukulia kwamba kilichofutwa kilikuwa kinakuumiza wewe, au kuwatoza gharama. Jinai ni njia nyingine, inaanzia polisi, na kwa sheria ya shirikisho ya Marekani kuharibu ushahidi kwa hila kunaweza kufika kifungo cha miaka 20. Nidhamu ni njia ya tatu: lalamiko linaandikwa, linaambatanishwa na nakala, wakili anapewa muda wa kujibu kwa maandishi, mnasikilizwa, ndipo linatoka onyo, faini, kusimamishwa au kufutwa kabisa kwenye orodha ya mawakili, na bado ana haki ya kukata rufaa. Njia moja haiizuii nyingine, na kuachiwa kwenye jinai hakumaanishi nidhamu imekwisha maana kiwango cha kuthibitisha si lazima kiwe kilekile.

Wengine wanasema mazungumzo na wakili ni siri hivyo hakuna atakayejua. Siri hiyo hailindi mipango ya uhalifu, mahakama za Uingereza zilishalisema hilo mwaka 1884. Wala kabati la wakili si maficho: mwaka 1967 wakili mmoja, Virginia hukohuko, alisimamishwa miezi 18 kwa kuhamishia pesa za wizi na bunduki ya mteja kwenye sanduku ambalo yeye wakili alikodi benki kuhifadhia vitu.

Ukiambiwa ufute kitu, usifute. Omba agizo hilo kwa maandishi, simu iache ilivyo (skrinshoti peke yake haitoshi, tunaletewa kila siku), kisha tafuta wakili mwingine akushauri kabla hujajibu.