Vitafunio vya Idi kwa watoto waliokwisha hama nyumbani

Kumi la mwisho la Ramadhani likiingia, ofisi za mabasi hapa Mtwara hujaa ndoo ndogo za plastiki zenye vifuniko, kila moja imeandikwa jina na namba ya simu ya mtu aliyeko Mbagala, Morogoro au Dodoma. Ndani mna visheti, kashata, vileja. Anayetuma ni mama au bibi. Anayepokea ni mtu mzima mwenye kazi yake, pengine na watoto wake.

Mimi kazi yangu ni usindikaji wa vyakula, na majuma hayo swali linalonijia kutoka kwa akina mama wa Shangani, Chikongola na Mikindani ni lile lile: mbona vikifika vimelegea, vinanata, au vina harufu? Wapo waliokwisha kata tamaa. Wanasema watoto wamekua, wana mishahara, wanunue biskuti dukani. Hapo mimi nakataa kabisa. Mtoto wa miaka saba anakula visheti kwa sababu ni vitamu tu, na ukimpa pipi atakula pipi. Mtu wa miaka thelathini anayefturu peke yake kwenye chumba cha kupanga ndiye anayevihitaji hasa. Tukiacha wakati huo, tunaacha pale pale vinapoanza kuwa na kazi.

Ila tubadilishe namna ya kutuma. Tumezoea kumaliza kila kitu jikoni kwetu, kisha tunakisafirisha kitu kilichokamilika kwa zaidi ya kilomita 550. Ninachowashauri ni kuigawa kazi: sehemu inayotaka mkono wa mzoefu na vitu vya huku ifanyike huku, na sehemu ya mwisho amalizie mwenyewe kule aliko. Sababu zake ziko kwenye maji, sukari na mafuta, kwa hiyo nivieleze.

Nianze na hewa. Mwaka wa Kiislamu una siku 354 au 355, kwa hiyo Idi inarudi nyuma siku kumi hadi kumi na mbili kila mwaka wa kalenda ya kawaida. Mwaka 2024 Idi al-Fitri iliangukia Aprili 10, mwaka 2025 ikawa mwisho wa Machi. Miezi hiyo huku Kusini mvua bado zipo na hewa ya pwani imejaa unyevu. Mama zetu waliojifunza kupika Idi ikiwa inaangukia kiangazi hawakuwa na shida hii, na ndiyo maana unasikia mtu akilalamika kwamba visheti vya siku hizi havikai. Mkono haujaharibika, ni majira yaliyobadilika.

Sasa sukari. Punje za sukari safi hustahimili unyevu mpaka hewa ifike takriban asilimia 84, ndipo zinaanza kujiyeyukia zenyewe. Asubuhi nyingi za masika hapa kwetu hewa inapita kiwango hicho. Lakini sukari iliyounguzwa mpaka ikawa kahawia, ile ya kashata zinazong'aa, haina punje tena. Imeganda kama kioo, na sukari ya namna hiyo hunyonya unyevu hata hewa ikiwa kavu kiasi. Ndiyo maana kashata ya kahawia inaanza kunata siku ile ile ukiiacha kwenye sahani, huku visheti vyenye koti jeupe la sukari kando yake bado vikiwa vikavu. Kwa safari ya mbali, koti jeupe linashinda.

Koti hilo linapatikana kwa kuigeuza shira bila kuacha baada ya kuitoa motoni. Kugeuza ndiko kunakoirudisha sukari kuwa punje. Na hapa kuna jambo ambalo wengi wanalichanganya: ndimu. Ukikamulia ndimu kwenye shira ya kaimati unafanya sawa, kwa sababu asidi yake huivunja sehemu ya sukari na kuizuia isigande, nawe unataka kaimati zibaki zimelowa. Ukiikamulia kwenye shira ya visheti umejiharibia. Utageuza mpaka mkono uume, na koti litabaki linanata.

Visheti navyo vina kosa lililofichika kwenye ukaangaji. Moto ukiwa mkali vinapata rangi haraka, nje vimekauka, ndani vimebaki na maji. Ukivifunga kwenye kopo, maji yale ya ndani yanasambaa polepole kuja nje, na siku ya pili vyote vimelegea hata kama kopo limebana sawasawa. Watu wanailaumu hewa, kumbe unyevu walikuwa nao ndani tangu mwanzo. Moto uwe wa wastani, vikate kwa unene unaolingana, na kabla ya kuviamini vunja kimoja kilichopoa. Kikikatika kwa sauti mpaka katikati, vingine viko salama.

Na mafuta yawe mapya. Hili naliomba sana. Mafuta yaliyokaangia sambusa na bagia mwezi mzima yamekwisha anza kuharibika, na kitafunio kilichokaangwa humo kinabeba uharibifu huo. Ukikila siku hiyo hiyo hutagundua. Kikikaa juma moja ndooni, kikafunguliwa Dodoma, harufu ndiyo itakayotangulia.

Kwa visheti vya kusafiri natumia nusu kilo ya unga wa ngano, gramu 60 za samli iliyoyeyushwa, kijiko cha chai cha hiliki iliyotwangwa, chumvi kidogo, na tui zito kama mililita 220 nikilimwaga kidogo kidogo mpaka unga ushikane. Nakanda, nakata, nakaanga, naacha vipoe kabisa, kisha natuma vikiwa vikavu hivyo hivyo, bila sukari. Kwenye mfuko wa pembeni naweka gramu 300 za sukari, na hiliki kidogo kwenye karatasi. Mpokeaji anaongeza mililita 120 za maji, anachemsha mpaka tone la shira likibanwa kati ya kidole gumba na cha shahada na vidole vikaachanishwa linavuta uzi usiokatika upesi. Anaitoa motoni, anamimina visheti, anageuza mpaka viwe vyeupe na viachane. Kazi yenyewe haimalizi hata nusu saa, na inafanyika usiku wa kuamkia Idi, wakati ule ule nyumba nzima ilipokuwa ikinukia hiliki alipokuwa mdogo.

Mtaniuliza kwa nini nimeandika gramu wakati mama yangu alipima kwa jicho. Kwa sababu jicho halitumwi kwa basi. Pima mara moja kile unachokizoea kwa mkono, kiandike, umpe. Mizani ndogo ya jikoni ukikosa, tumia kikombe kimoja cha chai kwa kila kitu na umtajie ni kikombe cha namna gani. Vipimo vingi vya bibi zetu vimezikwa nao kwa kukosa hatua hii ndogo tu, na mimi hilo linaniuma.

Korosho zina habari yake. Karibu nusu ya uzito wa korosho iliyobanguliwa ni mafuta, na mafuta hayo huharibiwa na hewa, mwanga na joto. Korosho nzima inajilinda, kwa kuwa sehemu kubwa ya mafuta yake iko ndani. Ukiivunja vipande umefungua milango. Mavuno yetu huanza kwenye Oktoba na kukolea mpaka mwisho wa mwaka, kwa hiyo korosho unayoitumia Machi imekaa miezi kadhaa tayari. Ushauri wangu: zitunze zikiwa nzima na bila kukaangwa, zikaange karibu na siku ya kutuma, na kama unampelekea mtu wa kumalizia mwenyewe, tuma nzima azivunje huko. Kashata za korosho ni rahisi, sukari na korosho uzito sawa, na mtu aliyeziona zikipikwa utotoni hashindwi. Wa upande wa Lindi na Nachingwea wenye ufuta wana bahati zaidi, maana punje ya ufuta yenye ganda lake inatunza mafuta vizuri kuliko korosho iliyovunjwa.

Kashata za nazi mbichi msitume mbali. Nazi iliyokunwa ina maji karibu nusu ya uzito wake, na ukungu ukiingia mafuta yake yanavunjika na kutoa ladha ya sabuni. Mtu akikwambia kashata zako zina sabuni, usigombane naye.

Kufunga mzigo ni haraka kueleza: kitu kipoe kabisa kabla ya kufunikwa, maana mvuke ulionaswa ndani hugeuka maji. Kopo lijae, hewa ibaki kidogo. Wengi huweka mchele chini wakiamini unanyonya unyevu. Mchele wa kawaida wenyewe una maji asilimia 12 hadi 14, mengi kuliko ya visheti vikavu, kwa hiyo unaweza kuviongezea badala ya kuvipunguzia. Ukitaka kuutumia, ukaange kwanza kwenye kikaango kikavu, uupoze, uufunge kwenye kitambaa.

Safari zenyewe siku hizi ni nafuu. Kabla ya Daraja la Mkapa kufunguliwa mwaka 2003, mzigo ulisubiri pantoni ya Mto Rufiji, na mvua zikizidi mtu alihesabu siku tu. Sasa basi likitoka alfajiri linafika Dar es Salaam siku hiyo hiyo. Lakini msisahau Mei 2024, maji yalipoikata barabara eneo la Somanga. Ukituma siku moja kabla ya Idi unabahatisha. Tuma juma zima kabla, na vile vikavu nilivyoeleza vitasubiri bila neno.

Sasa jambo lisilo la kitaalamu ila linaharibu mizigo mingi kuliko unyevu. Mwanao wa kiume akishaoa, mzigo uandikwe jina la mkweo, na maelezo umpe yeye. Nimeona ndoo zikipokewa kwa ukimya kwa sababu zilimpita mwenye jiko. Mkwe wangu kwao ni Iringa, hakukulia na visheti. Mwaka wa kwanza nilipompelekea visheti vikavu na sukari yake, alinipigia simu usiku: "Shikamoo mama, uzi ndio huu unakatika, niendelee?" Nikamwambia endelea kidogo, usiweke ndimu. Wajukuu walikuwa wanapiga kelele nyuma yake wakigombania kijiko. Tangu hapo vitafunio vile ni vya nyumba yake, na mimi nimebaki kuwa mtu wa kuulizwa. Ndivyo nilivyotaka.

Wenzetu wa Masasi na Ndanda wanaosherehekea Krismasi wana unafuu: Desemba ni korosho mpya, na kanuni zote hizi ni zile zile.

Mkate wa kumimina peke yake siutumi. Wanga wa mchele uliopikwa unaanza kujikaza tangu unapopoa, na kwenye friji unakaza haraka zaidi, kwa hiyo hata ukisafirishwa kwenye barafu utafika mgumu. Ukiupitisha kwenye mvuke utalainika kwa muda, lakini zile kingo zake zilizokauka kidogo kwa makaa ya juu hazirudi. Wangu wote wanajua kwamba huo unaliwa hapa Mikindani, Idi pili, na anayeutaka akate tiketi mapema.