Nadharia si "nadhani"

Jumamosi iliyopita nilikuwa juu ya Menengai, ile volkeno ya Nakuru, pale wageni wanaposimama kupiga picha. Kando yangu alikuwa baba mmoja na bintiye, wa gredi ya nne hivi. Mtoto aliona mvuke ukipanda kutoka kwenye visima kule chini, akauliza moto wake unatoka wapi. Baba akamweleza vizuri kabisa: ardhi ya Bonde la Ufa inatanuka, chini kuna mawe yaliyoyeyuka, zamani mlima ulijimwaga hadi katikati pakadidimia, ndiyo maana kuna shimo la kilomita 12 kwa 8 hivi. Nikatega sikio kwa furaha. Kisha akamalizia: "Lakini hiyo ni nadharia tu, mama, hakuna anayejua." Mtoto akaacha kutazama, akaomba soda.

Hiyo "nadharia tu" nimeisikia redioni, nimeisikia kwenye matatu, nimeisikia hata kwa watu wanaofundisha.

Katika sayansi, nadharia ni maelezo ya kwa nini mambo hutokea yanavyotokea: maelezo yanayoshika ushahidi mwingi kwa pamoja, yaliyopimwa mara nyingi, na yanayoweza kukuambia jambo kabla hujaliona.

Kosa, naamini, linaanzia masikioni. "Nadharia" na "nadhani" zinasikika kama watoto wa mama mmoja, na sivyo. Katika "nadhani", ile na- ni mimi mwenyewe ninayesema. Shina ni -dhani, lenye asili ya Kiarabu, la kukisia bila kuwa na hakika. Humo ndimo ilimotoka "dhana", na ndiyo maana tunasema fulani kanidhania vibaya. Katika "nadharia", na- si kiambishi. Ni sehemu ya mzizi wa neno. Jaribu mwenyewe kulinyambua. Utasema anadhani, tunadhani, walidhani. Hakuna aliyewahi kusema "tunadharia".

Mzizi wa nadharia ni neno jingine la Kiarabu, nadhar, yaani kutazama. Ndugu yake wa tumbo moja unamjua na unamtumia kila siku: mandhari. Mandhari ni kile unachokitazama, na nadharia ni namna ya kukitazama hadi kikaeleweka. Hata Wagiriki wa kale, ambao neno lao ndilo lililozaa lile la Kiingereza, "theory", walianzia kwenye kutazama. Kwa hiyo baba yule alisimama mbele ya mojawapo ya mandhari kubwa za Nakuru, akiwa na nadharia yake mkononi, akaitupa kwa sababu inafanana kwa sauti na neno la kukisia.

Ukitaka kuona jinsi nadharia inavyotazama, rudi mwaka 1846. Sayari ya Uranus ilikuwa haipiti mahali ambapo hesabu zilisema itapita. Mfaransa Urbain Le Verrier akachukua nadharia ya Newton ya mvutano, akakokotoa mahali panapopaswa kuwa na sayari nyingine inayoivuta, akaandika barua Berlin. Usiku wa tarehe 23 Septemba Johann Galle akaelekeza darubini huko, akaikuta Neptune chini ya digrii moja kutoka pale alipoambiwa. Le Verrier aliiona kwa kalamu kabla mwenzake hajaiona kwa jicho. Nani amewahi kukisia hivyo?

Na nadharia husahihishwa, sikatai. Le Verrier huyohuyo aligundua kwamba Utaridi, iliyo karibu zaidi na jua, nayo inakengeuka kidogo. Akadai kuna sayari nyingine iliyojificha huko. Ikatafutwa miaka mingi, haikuwepo. Jibu lilikuja mwaka 1915 kwa nadharia mpya ya Einstein. Lakini Neptune haikutoweka siku hiyo, na hesabu za Newton bado zinarusha roketi.

Maelezo ya Menengai nayo yalianza kama dhana, na hapo ndipo neno dhana linapopata heshima yake. Mwaka 1912 Mjerumani Alfred Wegener alisema mabara yaliwahi kushikana, yakaachana. Alikuwa na visukuku, yaani mabaki ya viumbe vya kale yaliyohifadhiwa maweni, vinavyofanana pande mbili za bahari na pwani zinazooana, ila hakuweza kueleza ni nguvu gani inayoyasukuma, na wengi walimkataa. Alifariki Greenland mwaka 1930. Ni katika miaka ya 1960, sakafu ya bahari ilipopimwa na kuonekana inapanuka kutoka katikati, ndipo iliposimama nadharia ya mabamba ya dunia, yaani vipande vikubwa vya ganda la dunia vinavyosogea polepole. Leo vipokezi vilivyofungwa kwenye miamba husikiliza setilaiti na kuonyesha bamba la upande wa magharibi wa Bonde la Ufa na lile la upande wa mashariki yakiachana milimita chache kila mwaka, na Nakuru katikati.

Kuna pia wanaosema nadharia ikithibitishwa sana hupanda cheo ikawa kanuni. Haipandi. Kanuni husema kinachotokea, nadharia husema kwa nini. Kila moja ina kazi yake.

Basi baba yangu wa Menengai, maelezo yako yalikuwa sawa tangu mwanzo hadi karibu na mwisho. Ondoa tu ile "tu". Ukirudi naye, mwambie: "Mama, hii ni nadharia. Hebu tazama ukuta ule wa ng'ambo, kisha uniambie wewe unaona nini."