Uzito wa chotara: jeni au ukoo?

Mwanafunzi wa jenetiki akija kwetu Kisumu kutafuta jeni za uzito kwa chotara wa tilapia, huniuliza atumie GWAS (kupekua alama za DNA kwenye kromosomu zote za samaki wengi, kuona zipi zinaendana na uzito) au ramani ya QTL (kutafuta sehemu za kromosomu zinazoathiri uzito kwa kupandisha samaki na kupima uzao wao). Nami humuuliza: hao samaki wako walianza kupandana lini?

Tilapia wa Nile, Oreochromis niloticus, aliletwa Ziwa Victoria miaka ya 1950. Ngege asilia, O. esculentus, sasa ni adimu ziwani; amebaki kwenye viziwa kama Kanyaboli, Siaya, na hata huko dalili za uchotara zimeonekana. Vizazi vingi vimeshapita, na kila kizazi kimezidi kukatakata vipande vya kromosomu vya kila upande.

Kwa QTL unapandisha spishi hizo bwawani, kisha unapima wajukuu. Vipande vyao bado ni virefu, hivyo alama chache za DNA zinatosha, ila kipande kimoja huweza kubeba mamia ya jeni. Samaki wakiwa wachache, athari unayoipata huwa imevimba.

Chotara wa ziwani wana vipande vifupi, na hapo GWAS hukusogeza karibu na jeni lenyewe. Lakini tilapia wa Nile hukua zaidi. Chotara mwenye asili nyingi ya Nile huwa mzito, basi kila alama inayotenganisha spishi hizi, popote ilipo, huonekana kama ndiyo inayoleta uzito. Grafu ya matokeo yote vilele, kana kwamba kila mahali pana jeni la uzito! Modeli mseto ya takwimu, kama ya programu ya GEMMA, huingiza undugu wa samaki wote na kuvifyeka vilele hivyo. Ubaya wake, jeni za kweli zikiwa nyingi na zote zikivutia upande wa Nile, nazo humezwa na undugu.

Mimi huanza na ramani ya asili. Nakadiria kwanza kila kipande kimetoka spishi gani, kisha nalinganisha samaki wenye kiasi kilekile cha asili ya Nile kwa jumla, wanaotofautiana kwenye kipande hicho tu. Majaribio ya kitakwimu huwa machache kuliko ya GWAS, kwa hiyo kizingiti cha kukubali matokeo si kikali mno.

Njia hii inadai samaki safi wa kulinganishia, na esculentus safi ni kazi kumpata. Halafu kuna tilapia mwingine, O. leucostictus, aliyeletwa miaka hiyohiyo. Usipomweka kwenye modeli, vipande vyake vitagawiwa hao wawili, na programu haitakuonya.