Uhandisi wa utengamao ni nini?

Kutengamaa ni kurudi sawa baada ya kuyumba. Tunasema biashara imetengamaa, mgonjwa ametengamaa. Kutokana na kitenzi hicho tumepata utengamao, yaani huduma za kumrudisha mtu aliyeumia au kupooza kwenye shughuli zake. Uhandisi wa utengamao ni upande wa vipimo na ufundi wa huduma hizo: kubuni, kutengeneza na kurekebisha vifaa vinavyofanya kazi ya kiungo kilichokatwa au kilichoishiwa nguvu. Viti mwendo vimo humo, miguu na mikono bandia, vifaa vya usikivu, hata mteremko wa mlangoni.

Wengi hudhani mguu bandia huchaguliwa kwa saizi kama kiatu. Sivyo. Kazi kubwa iko kwenye soketi, kile kikombe kinachopokea kigutu, yaani sehemu ya kiungo iliyobaki baada ya kukatwa. Kwa mguu uliokatwa chini ya goti, fundi hukipapasa kigutu kwa vidole na kuchora kwa penseli ya rangi kila mfupa unapojitokeza. Kisha hukizungushia bandeji ya plasta iliyoloweshwa. Ikishakauka na kuvuliwa, michoro ile imehamia ndani yake. Humo humiminwa plasta nyingine, ikatoka sanamu ya kigutu, naye huichonga kwa tupa. Kwenye ukano ulio chini ya pia ya goti hupunguza kidogo, maana pale panastahimili uzito. Penye ncha za mifupa huongeza plasta ili soketi isipaguse kwa nguvu. Mwisho bamba la plastiki lililolainishwa kwa moto hufunikwa juu ya sanamu. Akikosea milimita chache, mvaaji atatoka vidonda na mguu utaishia uvunguni.

Hata soketi nzuri haikai milele. Miezi ya mwanzo kigutu hunywea, soketi ikalegea. Mtu huongeza soksi kwenye kigutu, hatimaye hupimwa upya. Kurudi kliniki ni sehemu ya tiba, na inaniuma kuona watu wakidhani wamefanyiwa kazi mbaya, wakaacha kurudi.

Hapa Tanzania wataalamu wa viungo bandia husomea Moshi, kwenye chuo cha TATCOT pale hospitali ya KCMC.

Sasa mlete mvaaji wa mguu bandia Mwanza. Mkazi wa Igogo hupanda mawe kufika kwake. Mchuuzi wa dagaa pale Mwaloni, Kirumba, hukanyaga maji na mchanga tangu alfajiri, na wayo bandia wenye mti ndani ukiingiwa na maji huoza. Wahindi walikumbana na jambo hilohilo: mwaka 1968, Jaipur, waliunda wayo wa mpira unaokanyagiwa peku, tena kwenye tope. Kiti mwendo nacho, vile vigurudumu vidogo vya mbele huzama mchangani. Chenye gurudumu moja kubwa lililotangulizwa mbele hupita vizuri zaidi, na kikitumia tairi za baiskeli, fundi yeyote wa mtaani ataziba pancha.

Kwenye mteremko kipimo kinachotumika sana ni 1 kwa 12. Baraza yenye kimo cha nusu mita inataka mteremko wa mita 6. Nyumba iliyobanwa na majabali haina mita 6 mbele ya mlango, kwa hiyo mteremko hukunjwa vipande viwili, na katikati huachwa sehemu bapa ya kugeuzia kiti na kupumzisha mikono.