Uholanzi ya Karne ya 17: Yanayosimuliwa na Yaliyotokea

Dhana: Waholanzi walitajirika kwa viungo vya Asia tu.
Viungo vilileta faida kubwa, hilo halina ubishi. Lakini meli zilizojaza bandari ya Amsterdam mwaka hadi mwaka zilitoka karibu zaidi, Bahari ya Baltiki, zikiwa na nafaka na mbao. Waholanzi wenyewe waliiita biashara hiyo "biashara mama", na ilikuwepo kabla VOC, kampuni ya Uholanzi ya biashara ya Asia, haijaundwa mwaka 1602. Nguvu yao ilikuwa chombo chenyewe, fluyt, merikebu iliyoanza kuundwa mjini Hoorn miaka ya 1590. Tumbo lake pana, sitaha nyembamba, na matanga yalivutwa kwa makapi, kwa hiyo mabaharia wachache walitosha. Mizinga ilipunguzwa au kuachwa kabisa ili ngama ibebe shehena. Gharama ya kusafirisha mzigo ikashuka, na washindani hawakufua dafu.

Dhana: Zama hizo zilikuwa za dhahabu kwa kila aliyeguswa nazo.
Hii ndiyo inayoniuma. Wabanda, wenyeji wa Visiwa vya Banda katika Indonesia ya leo, waliendelea kuwauzia wengine kungumanga, ilhali VOC ilitaka yote iwe yake. Mwaka 1621 Jan Pieterszoon Coen, gavana mkuu wa VOC, akavamia visiwa vyao. Kati ya watu wanaokadiriwa kuwa 15,000, walibaki takriban 1,000. Wengine waliuawa, wengine walikufa njaa wakiwa mafichoni, wengine walipelekwa utumwani Batavia (Jakarta ya leo). Mashamba yao wakagawiwa Waholanzi, yakahudumiwa na watumwa. Afrika Mashariki nako VOC ilifika: ilizingira ngome ya Wareno katika Kisiwa cha Msumbiji mwaka 1607 na tena 1608, ikashindwa. Mwaka 2019 Jumba la Makumbusho la Amsterdam liliacha kuiita karne hiyo "zama za dhahabu". Naona lilifanya haki.

Dhana: Tulipu ziliifilisi nchi.
Bei za maua hayo, zilizokuwa zimepanda mno, ziliporomoka Februari 1637, vitunguu vya maua vikiwa bado ardhini na wanunuzi wengi hawajalipa. Mjini Haarlem, mwaka uliofuata, wanunuzi waliruhusiwa kujitoa katika mikataba yao kwa kulipa asilimia 3.5 ya bei. Uchumi uliendelea.

Dhana: "Zamu ya Usiku" ya mchoraji Mholanzi Rembrandt ni picha ya usiku.
Tazama kivuli cha mkono wa kapteni kinavyoangukia koti la manjano la luteni wake: hilo ni jua. Vanishi iliyozeeka ndiyo iliyoitia giza picha hiyo ya mwaka 1642, hadi iliposafishwa miaka ya 1940. Hata ukubwa tunaouona si wa awali. Mwaka 1715 ilikatwa kingo ili ienee ukutani katika ukumbi wa jiji la Amsterdam, na vipande hivyo havijapatikana.