Kutoka polisi kwenda redioni: unachobeba na unachoacha

Nimevaa gwanda miaka 14, na sasahivi huu ni mwaka wa sita nipo nyuma ya maiki kwenye redio moja ya mkoani, nasoma habari na naendesha kipindi cha sheria na usalama. Vijana walioko kazini wananiandikia inboksi wanauliza waanzie wapi, na wengi wanadhani ishu ni kuwa na sauti nzito. Sauti siyo shida jamani, shida ni lugha tuliyotoka nayo depo, kule kwenye mafunzo ya polisi.

Chukua mfano wa saa. Kituoni unaandika "1420hrs", ndivyo tulivyozoeshwa tangu chuo cha polisi, CCP Moshi. Wiki yangu ya kwanza hewani nikasoma kwamba ajali imetokea "saa kumi na nne na dakika ishirini", akapiga mama mmoja anauliza kwa upole kabisa, mwanangu, saa kumi na nne ndo saa ngapi? Ilikuwa saa nane na dakika ishirini mchana. Toka siku ile kila skripti naipitia kwanza na kalamu nyekundu, narekebisha saa zote kabla hata sijavaa hedifoni.

Alafu kuna maneno yanayoumiza watu. Kituoni tukiwa wenyewe tunasema "tumemkamata mwizi", hewani hapana. Katiba yetu ya Tanzania ya 1977, ibara ya 13(6)(b), inakataza mtu aliyeshtakiwa kwa kosa la jinai kutendewa kama mwenye kosa mpaka ithibitike ana hatia. Kwahiyo akikamatwa ni mtuhumiwa, akisomewa mashtaka ni mshtakiwa, akitiwa hatiani ndo unaweza kumuita mhalifu. Hili nalishikilia sana kwasababu nimeshaona watu wanaachiwa baada ya siku mbili, hawana kosa lolote, na mtaani jina limeshaharibika, watoto shuleni wanaitwa watoto wa mwizi.

Mahojiano nayo ni kazi nyingine kabisa. Polisi unauliza ukiwa na jibu mfukoni, unanyamaza makusudi mtu ajisikie vibaya aongee. Redioni mgeni kaja kwa hiari yake, hadaiwi kitu, na ukinyamaza sekunde nne tano msikilizaji kashahamisha stesheni. Produsa wangu alinifundisha niweke viganja vyote juu ya meza nisimnyooshee mgeni kidole, anasema kidole kinasikika kwenye sauti. Nilimbishia mpaka aliponichezea rekodi mbili, na kweli kinasikika.

Ila kuna vitu nimetoka navyo na vinanilisha mpaka leo: nani, wapi, saa ngapi, nani kaona kwa macho yake na nani kasimuliwa. Kuhusu masela wa zamani wanaokupigia na habari za ndani kabla RPC, kamanda wa polisi wa mkoa, hajaongea, mimi sizirushi, nampigia kamanda namuuliza, akikataa nasubiri.

Na usidharau shule. Tangu Sheria ya Huduma za Habari ya 2016 mwandishi anatakiwa awe na ithibati, na kanuni zinataka angalau diploma ya habari, mimi nimeisoma nikiwa mtu mzima na familia.

Kinachonipa raha zaidi ni simu za wasikilizaji za alhamisi. Juzi kapiga dada, kapigwa na mume wake, anaogopa kituo, anauliza PF3, ile fomu ya polisi ya kwenda nayo kwa daktari, inauzwa bei gani. Nikamwambia haiuzwi, ni bure, unaichukua kituo cha polisi, daktari ndo anajaza alichokiona mwilini, alafu inarudi polisi na inaweza kuwa ushahidi mahakamani, kwahiyo aende leoleo majeraha yakiwa bado yanaonekana na ile nguo asiifue. Akaniomba nirudie taratibu kwasababu alikuwa anaandika. Nikarudia neno kwa neno, nasikia kabisa kalamu inakwaruza kwenye karatasi.